Bandari Zinapofungwa, Nani Hulipa?

Hotuba kuhusu vikwazo vya usafiri na bima wakati wa janga, kwa wakazi wanaosafiri nje ya nchi kwa kazi, ibada, masomo na matembezi



Kaunti hii ni ya bandari. Ni vigumu kupata mtaa usio na baharia, usio na mwenye ndugu anayefanya kazi Ghuba, au usio na mama aliyeweka akiba miaka mingi ili aende Umra. Kwa sababu hiyo, mipaka ya nchi za mbali ikifungwa, mlango unaogongwa huwa ni wa hapa hapa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya afya ya kimataifa. Barakoa zimerudi kabatini, ndege zinaruka na meli za kitalii zinasafiri. Hata hivyo, swali lililowasumbua wasafiri mwaka 2020 bado halijazeeka: siku bandari ikifungwa tena ghafla, gharama ni ya nani? Mara nyingi jibu huwa limeshaandikwa katika karatasi ambazo msafiri alitia sahihi bila kuzisoma. Tahadhari huja kabla ya hatari, na wakati mzuri wa kuzisoma karatasi hizo ni sasa, kukiwa shwari.

Meli iliyogeuka karantini

Tarehe 20 Januari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess iling'oa nanga Yokohama, Japani. Abiria mmoja alishuka Hong Kong tarehe 25 Januari. Siku chache baadaye alipimwa akapatikana na virusi vya korona. Meli iliporudi Yokohama, ilikuwa na watu 3,711, abiria na wafanyakazi pamoja. Kuanzia tarehe 5 Februari wote waliwekwa karantini humo humo melini.

Abiria walifungiwa vyumbani. Waliokuwa katika vyumba visivyo na dirisha walisubiri zamu ya kutoka nje kidogo wapunge hewa. Wafanyakazi waliendelea kupika, kupeleka chakula mlango kwa mlango na kulala wawili wawili au zaidi chumbani. Mwishowe watu 712 waliambukizwa, na zaidi ya 10 walifariki. Wamarekani walioondolewa kwa ndege za kukodi walipofika kwao hawakwenda nyumbani, bali waliwekwa karantini nyingine ya siku 14. Safari iliyopangwa kwa wiki mbili ikawa ya mwezi na zaidi.

Meli nyingine, Westerdam, haikuwa na mgonjwa yeyote aliyethibitishwa, lakini ilikataliwa Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand. Ilizunguka baharini na watu zaidi ya 2,200 hadi Kambodia ilipoipokea katika bandari ya Sihanoukville tarehe 13 Februari.

Iliyoteseka zaidi ni Zaandam. Iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi 2020. Wiki hiyo hiyo, tarehe 11, korona ilitangazwa kuwa janga la dunia, na tarehe 14 mamlaka ya afya ya Marekani ikapiga marufuku safari za meli za kitalii. Bandari zilizokuwa kwenye ratiba zikafunga milango moja baada ya nyingine. Wagonjwa waliongezeka na watu 4 walifia melini kabla haijaruhusiwa kupita Mfereji wa Panama. Ilitia nanga Fort Lauderdale, Florida, tarehe 2 Aprili.

Kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Kenya nayo inazifuata. Kanuni hizo zinasema meli isizuiwe kuingia bandarini kwa sababu za kiafya tu. Bandari isiyo na uwezo wa kuihudumia inaweza kuielekeza bandari nyingine iliyo karibu na yenye uwezo. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Lakini hofu ilipopanda, serikali nyingi zilitazama watu wao kwanza. Msafiri asiweke matumaini yake yote kwenye ratiba iliyochapishwa wala kwenye bendera inayopepea melini.

Hapa Kenya

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ya kitaifa ilizuia wasafiri kutoka nchi zilizokuwa na maambukizi, isipokuwa Wakenya na wageni wenye vibali halali vya kuishi nchini. Tarehe 25 Machi ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Waliowahi kuingia siku hizo za mwisho walipelekwa karantini ya lazima katika vituo na hoteli zilizoteuliwa, kwa gharama yao wenyewe. Mtu alitua na nauli ya teksi mfukoni, akajikuta anadaiwa malazi na chakula cha siku 14.

Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ndege za kimataifa zilirejea tarehe 1 Agosti 2020, na baadaye wasafiri wakatakiwa kuonyesha cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 96.

Mambo hayakuishia hapo. Tarehe 9 Aprili 2021 Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu. Raia na wakazi wa Uingereza waliotoka huku walilazimika kukaa siku 10 katika hoteli ya karantini na kulipa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Mtalii gani angekuja Pwani kwa masharti hayo? Kenya ilitolewa kwenye orodha hiyo tarehe 22 Septemba mwaka huo huo, baada ya miezi mitano ya vyumba vitupu katika hoteli za ufukweni.

Kwa upande wa ibada, Saudia ilisimamisha Umra kwa wageni tarehe 27 Februari 2020. Hija ya mwaka huo ilifanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na ya mwaka 2021 ikawa ya wakazi wa nchi hiyo pekee. Milango ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 2022, waliozidi umri wa miaka 65 hawakuruhusiwa. Mzee aliyekuwa na miaka 64 mwaka 2020, pesa zake zikiwa tayari kwa ajenti, alikuta umri umempita akiwa anangoja.

Watoto wa kaunti walio melini

Jambo hili liwasikilishe hasa vijana wanaotafuta kazi katika meli za kitalii. Kufikia mwisho wa 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilikadiria kwamba mabaharia 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kuisha, kwa kuwa nchi ziliwanyima ruhusa ya kushuka na ndege zilikuwa hazipo. Wengine kama hao walikwama nyumbani wakingoja kupanda, bila mshahara.

Baharia ana kinga ambayo abiria hana. Kinga hiyo ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unamhusu kila mwajiriwa wa melini, awe fundi wa injini, mpishi, mhudumu wa meza au msafisha vyumba. Chini ya mkataba huo, mwenye meli ndiye anayegharamia kumrudisha baharia kwao mkataba wake ukiisha. Tangu Januari 2017 meli husika zinatakiwa kuwa na dhamana ya fedha kwa ajili hiyo, inayofidia pia hadi miezi minne ya mishahara ambayo haijalipwa pale baharia anapotelekezwa. Cheti cha dhamana hiyo hubandikwa mahali mabaharia wanapoweza kukisoma.

Vilevile wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kumwangukia baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Kijana akiambiwa atoe pesa ili "apewe nafasi", aulize kwanza kama wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini nchini, KMA. Wakala asiye na leseni leo hatapokea simu siku ambayo bandari zitafungwa.

Bima ilivyowaacha wengi

Wasafiri wengi mwaka 2020 walikuwa na bima na bado hawakulipwa. Kwa nini? Sababu zilikuwa hizi.

Kwanza, mikataba mingi ya bima ya safari iliyokuwepo wakati huo ilitenga kabisa magonjwa ya mlipuko. Maneno hayo yalikuwa kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo.

Pili, bima hulipia jambo lisilotarajiwa. Habari za korona zilipoenea, kampuni zilitaja tarehe ambayo baada yake korona ilihesabiwa kuwa tukio linalojulikana. Aliyenunua bima kabla ya tarehe hiyo alikuwa na haki ya kudai. Aliyenunua siku moja baadaye hakuwa nayo, hata kama safari ilikuwa ile ile na kiasi alicholipa ni kile kile.

Tatu, hofu si sababu ya kulipwa. Msafiri aliyeghairi kwa sababu anaogopa kuambukizwa alihesabiwa kuwa amebadili nia.

Nne, kusafiri wakati serikali imeonya watu wasiende huko huweza kuvunja bima yote, hata ya mguu uliovunjika kwenye ngazi.

Tano, kuumwa na kufungiwa ni mambo mawili. Bima nyingine ilimlipa aliyepatikana na ugonjwa, lakini haikumlipa jirani yake mzima aliyewekwa karantini kwa sababu walikaa meza moja.

Sita, anayerudishwa kutoka uwanja wa ndege kwa kukosa cheti kwa kawaida halipwi. Kosa huhesabiwa kuwa lake.

Marekani kuna bima ya kughairi kwa sababu yoyote. Hiyo hulipa hata kwa hofu, lakini kwa kawaida hurejesha kati ya asilimia 50 na 75 ya gharama. Inunuliwe mapema, siku chache baada ya malipo ya kwanza ya safari, na msafiri aghairi angalau siku mbili kabla ya kuondoka. Kwa mfano, aliyelipia safari ya shilingi 200,000 akirejeshewa asilimia 75 atapata 150,000. Zile 50,000 zimekwenda, pamoja na bei ya bima yenyewe.

Kampuni za meli nazo zilikuja na salio la safari nyingine badala ya pesa taslimu, mara nyingi kwa thamani iliyozidi nauli. Lilivutia, lakini lilikuwa na tarehe ya mwisho na lilitegemea kampuni kubaki hai. Mwenye deni la karo alihitaji pesa, na kama alibofya kukubali salio, alikuwa amefunga mlango wa kurejeshewa.

Baada ya safari kurejea mwaka 2021, mambo yaligeuka. Bima iliyokuwa hiari ikawa sharti kwa baadhi ya wasafiri. Royal Caribbean, kwa mfano, iliwataka abiria wasiochanjwa wanaoanzia Florida wawe na bima ya angalau dola 25,000 za matibabu na dola 50,000 za karantini na kusafirishwa kwa dharura. Viwango hivyo vinaonyesha gharama ambazo kampuni yenyewe iliziogopa.

Kabla ya kutoa pesa

Mkazi anayepanga safari afanye haya:

1. Aombe mkataba mzima wa bima, si kipeperushi tu, na atafute maneno *janga*, *karantini* na *tukio linalojulikana*.

2. Aulize vitu vinne kimoja kimoja: matibabu, kusafirishwa kwa dharura, kughairi kabla ya safari, na kukatizwa katikati. Bima ya kuombea viza inaweza kuwa na matibabu pekee. Ile ya nchi za Schengen, kwa mfano, hutakiwa kufika angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani, lakini sharti hilo halirejeshi nauli iliyopotea.

3. Anunue bima siku anayolipia safari, wala asingoje wiki ya kuondoka.

4. Ahakikishe kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

5. Apate kwa maandishi kutoka kwa ajenti: safari ikifutwa, ni pesa au salio, na ndani ya siku ngapi?

6. Aulize vyeti mapema katika ofisi ya afya ya bandari. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Anayechanjwa siku ya kuondoka amechelewa.

7. Atenge akiba ya angalau wiki mbili za malazi na chakula, na dawa zake za kila siku za mwezi mzima.

8. Aache nakala za pasipoti, bima na tiketi kwa mtu wa nyumbani, na namba ya ubalozi wa Kenya kule aendako.

Hakuna bima inayozuia bandari kufungwa. Inachoweza kufanya ni kumwondolea mama wa nyumbani mzigo wa kuchangisha mtaa mzima ili mwanawe alipe hoteli ya karantini ugenini. Harambee kama hizo zilifanyika, na wengi waliohudhuria hapa walitoa chochote walichokuwa nacho. Safari ijayo, karatasi isomwe kwanza, kisha pesa itoke.

 Wasafiri wafike salama na warudi salama.