Kikohozi cha mzee si uzee tu

Hotuba kwa wanachama, Luhwindja



Tangu turudi kwetu, nyumba nyingi zinalaza vizazi vitatu pamoja. Mzee akikohoa usiku, tunasema: "Ni uzee." Leo tunaomba neno hilo tuliache.

Mwili uko na askari wake. Wamoja wanaitwa chembe T. Wanazaliwa ndani ya mifupa, halafu wanakwenda kufundishwa katika kiungo kidogo nyuma ya mfupa wa kifua, kinachoitwa timusi. Herufi T inatoka pale. Mwaka wa 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kazi ya kiungo hicho. Lakini tangu ujana timusi inaanza kunywea, na kwa mzee mafuta yamechukua nafasi yake. Askari wapya wanakuwa wachache. Wale wa zamani wamechoka.

Ndipo kifua kikuu kinapata njia. Karibu robo ya watu wa dunia wamebeba mdudu wake, na wengi hawataugua hata siku moja, kwa sababu chembe T zinasaidia kumfungia ndani ya mapafu. Anaweza kulala humo miaka mingi. Uzee, njaa, kisukari ao sida vikidhoofisha ulinzi huo, anaamka. Vumbi la mawe nalo linaharibu mapafu, na kwetu hapa wengi wamechimba dhahabu, wengine wamesaga mawe.

Mzee huyo analala pamoja na wajukuu. Tukinyamaza, tunapoteza mzee, na watoto wanaambukizwa.

Kwa hiyo, kikohozi kikipita wiki mbili, mzee apelekwe kituo cha afya, makohozi yapimwe. Vilevile akikonda ao akitoka jasho usiku. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Kwa kawaida zinamezwa miezi sita, na haziachwi hata kama nguvu zimerudi.

Dawa ni bure, lakini njia si bure. Wasaidizi wetu, mchango wenu unahitajika hapo: nauli ya pikipiki, maharagwe na unga mpaka mgonjwa amalize dawa. Na sisi wanachama, kila kijana amsindikize mzee wa jirani yake. Askari wa mwili wake wamepungua. Basi sisi tusimame pamoja naye.