Mwalimu wa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mwalimu ambaye kazi yake haijulikani sana, naye ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Yaani watoto wasioona, viziwi, na wale wajifunzao polepole kuliko wenzao. Watu wengi hudhani kwamba sifa kuu ya mwalimu huyu ni huruma. Huruma ni njema, wala hatuikatai. Lakini huruma peke yake haimfundishi mtoto kusoma. Kinachomfundisha ni ujuzi, na ujuzi huu sharti usomewe.

Na tuanze na mtoto asiyesikia vizuri. Mwalimu wake huuliza swali huku ameelekea ubaoni, naye hajibu. Aulizwapo tena, hujibu lisiloulizwa, na wenzake humcheka. Mwisho wa mwaka huhesabiwa kuwa mzito wa akili, kumbe uzito haumo akilini, umo masikioni. Pengine ni kwa sababu ya usaha uliomtoka sikioni mara kwa mara utotoni, asitibiwe. Mwalimu aliyefunzwa huzijua dalili: mtoto ageuzaye kichwa upande mmoja, atazamaye midomo ya msemaji, aangaliaye wenzake kwanza kabla ya kutenda aliloamriwa. Mwalimu huyu hamwiti mjinga. Huwashauri wazazi wampeleke akapimwe, humketisha mbele, na husema naye uso kwa uso penye mwanga. Na ikiwa hasikii kabisa, humfundisha kwa lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake.

Ama kwa mtoto asiyeona, kusoma ni kazi ya vidole. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Alipokuwa na umri wa miaka 3 aliumia jicho katika karakana ya baba yake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi, na hatimaye akapofuka macho yote mawili. Mwaka 1829 aliutoa mfumo wake kwa kitabu, naye mwenyewe akawa mwalimu wa wasioona mjini Paris. Nukta zake ni 6 tu, nazo hupangwa kwa namna 63. Aandikaye kwa kibao na kalamu ya ncha hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, ili ikigeuzwa, vinundu visomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Je, mwalimu asiyeyajua haya atasahihishaje daftari la mwanafunzi wake?

Yuko na mtoto ajifunzaye polepole. Huyu akiambiwa, "Vaa shati lako," hushindwa, kwa kuwa kwake neno hilo moja ni kazi kumi. Basi mwalimu huigawa kazi vipande vipande. Humvisha, humfunga vifungo vyote, akamwachia kile cha mwisho tu. Akikiweza, kesho humwachia viwili, na hivyo hivyo mpaka avae mwenyewe. Kwa njia hii kila siku ya mtoto huisha kwa kushinda, si kwa kushindwa. Mwalimu naye huandika alichoweza mtoto na siku aliyokiweza, maana haba na haba hujaza kibaba, na asiyeandika haioni haba hiyo.

Ujuzi huu haupatikani kwa kubahatisha. Yampasa mtu asomee ualimu, tena ajifunze kumpima mtoto, kumtengenezea mpango wake peke yake, na kushauriana na waganga na wazazi. Huku kwetu Afrika ya Mashariki vipo vyuo vya kazi hii, kama vile Chuo cha Patandi mkoani Arusha, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Kadhalika sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 juu ya watu wenye ulemavu yampa mtoto huyu haki ya elimu kama wenzake.

Lakini mwalimu hawezi kumfundisha mtoto aliyefichwa nyumbani. Ninyi wazazi, msione haya, wala msingoje mtoto akue ndipo mtafute shule. Mtoto kiziwi asiyepewa lugha yoyote katika miaka yake ya kwanza hupata hasara ambayo ni vigumu sana kuifidia baadaye. Nguo iliyochanika huweza kushonwa. Miaka ya utoto ikipita hairudi. Nanyi vijana mnaofikiri kushika kazi ya ualimu, ipimeni njia hii. Ni kazi ya subira na ya kusoma sana, na atakayeifanya vema atawaona watu wakitokea pale ambapo wengine walisema hapana mtu.