Biti si Baiti



Jirani yangu ana duka la fotokopi. Mwezi uliopita alilipia intaneti iliyotangazwa kuwa na kasi ya “Mb 10 kwa sekunde”. Siku ya kwanza akashusha faili la MB 600. Hesabu alikwishaipiga: 600 gawa kwa 10, dakika moja kazi imekwisha. Faili likamalizika dakika ya tisa! Akampigia simu fundi wa kampuni, akamwita mwizi. Fundi akaapa kwamba mtambo hauna kasoro.

Fundi alikuwa anasema kweli. Kilichowagombanisha ni herufi moja tu. Herufi b ndogo ni biti. B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Basi biti milioni 10 kwa sekunde ni baiti milioni moja na robo. Faili lile lilihitaji dakika 8, ukiongeza na kidogo kinachotumika kufungashia mzigo njiani.

Ni kama pishi na kibaba. Ukiuziwa vibaba 4 ukadhani ni pishi 4, utamlaumu bure mwenye duka.

Mgawanyo huu si hila ya jana. Waya hupitisha alama moja baada ya nyingine, ndiyo maana mafundi wa mawasiliano huhesabu biti. Kompyuta huhifadhi alama kwa mafungu, na hapo huhesabiwa baiti. Neno baiti lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM, na tahajia yake ya Kiingereza aliibadili makusudi ili watu wasilichanganye na biti. Mnaona alivyofanikiwa!

Lakini kampuni nazo sizitetei. Kifurushi cha simu zinakuuzia kwa baiti, kasi ya kifurushi hicho hicho zinaitangaza kwa biti. Mnunuzi wa kawaida atajuaje? Na sisi wa vyombo vya habari tumo: tunasoma “Mb” na “MB” kwa sauti ile ile, tena magazetini herufi huandikwa vyovyote.

Jirani yangu amemwomba fundi radhi. Kisha ameiandikia kampuni barua, akitaka tangazo liandike neno “biti” kwa kirefu. Mpaka leo hajajibiwa.