Mapambo na Mfuko Wake
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Shirere)

 

Mtu akitaja mapambo na Kakamega, wengi hufikiria dhahabu. Wazungu waliikimbilia hapa miaka ya 1930. Mgodi wa Rosterman, jirani yetu, ulifungwa mwaka wa 1952, lakini uchimbaji wa mikono bado upo. Na tunajua dhahabu ile husafishwa kwa zebaki. Zebaki ikichomwa, moshi wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Ukiitazama pete huwezi kuyaona hayo. Ndiyo maana twasema, kabla kikundi hakijatoa pesa, kiulize: kitu hiki kimetoka wapi, na kikitupwa kitaenda wapi?

Sisi tunapenda karatasi. Wenzetu wa Acholi Quarters, Kampala, hutengeneza shanga za karatasi, na shirika la BeadforLife lilianza mwaka wa 2004 kuwatafutia soko Marekani. Kalenda ya mwaka jana yatosha kabisa. Kata ukanda mrefu, mpana upande mmoja na mwembamba kama ncha upande wa pili. Uzungushe kwenye kijiti ukianzia upande mpana, ukaze sana, utie gundi mwishoni. Uji wa unga, hapana! Wadudu watazila shanga kabla ya siku ya soko. Tumieni gundi nyeupe ya seremala. Vanishi ipakwe nje penye upepo, na brashi isioshewe Mto Isiukhu, maana kuna watu wanachota maji huko chini.

Mbegu pia ni nzuri, ila si zote. Zile nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali. Ukizitoboa, sumu hupata njia ya kutoka, na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Tuziache. Kuna nyasi ya mahali penye maji ambayo mbegu yake ya kijivu ina tundu tayari. Hiyo hata rozari hutungwa nayo. Uzi uwe wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Nailoni ni imara zaidi, hatukatai, lakini haiozi shambani.

Sasa mfuko. Hapa ndipo akiba ya kikundi inaweza kuyeyuka. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa imepigwa marufuku Kenya, pamoja na ile midogo myeupe inayoonyesha kilicho ndani. Faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au yote mawili. Kikundi gani hapa kina milioni mbili? Na kwa wanaouzia wageni wa Msitu wa Kakamega: tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu iliyohifadhiwa.

Lakini migomba tunayo. Chukua ganda kavu la shina, lifute vumbi, lianike juani mpaka likauke kabisa, maana likibaki na unyevu litaota ukungu na shanga zitanuka. Likunje kama bahasha, ufunge kwa ukamba wa mgomba huohuo. Gazeti sisi hatulitaki, wino wake huchafua shanga.

Mkutano ujao kila kikundi kije na maganda kumi yaliyokauka. Makasi tutaleta sisi.