MIKWARUZO YA RANGI KATIKA MOTOKAA YA CHAMA
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Msambweni)



Mmetutaka tueleze habari za motokaa ya chama chetu cha kuzikana, ile Peugeot 504 ya buluu yenye buti refu. Wagonjwa wetu wangapi imewafikisha hospitali hapa Msambweni, hatuna haja ya kuhesabu. Katika mkutano uliopita baadhi yenu mlisema kijana anayeiosha aachishwe kazi, kwa kuwa ameharibu rangi. Tukaomba tuitazame kwanza. Sisi wa reli twalijua jambo hili: kifaa kikiharibika, mtu wa mwisho kukishika ndiye hulaumiwa.

Basi tuliitoa juani. Mkisimama karibu na boneti mtaona kama utando wa buibui unaolizunguka jua, na mkisogea nao wasogea. Wengi husema ni kwa sababu kijana alifuta kwa kuzungusha mkono. Hata sisi tulidhani hivyo. Lakini sivyo. Mikwaruzo midogo imelala kila upande, ila ile iliyokingama mbele ya mwanga ndiyo hung'aa machoni, na kwa hiyo yaonekana miduara. Ukifuta kwa mistari iliyonyooka kama reli, na kitambaa kina mchanga, utapata mambo yale yale.

Mchanga ndio adui. Chembe zake nyingi ni ngumu kushinda kioo. Na mchanga wa Kwale si mchanga wa mzaha: ni huu huu uliochimbwa huko Maumba na Nguluku tangu 2013 hadi Desemba 2024, ukachujwa madini ya titani, yakapakiwa melini Likoni. Katika madini hayo hutengenezwa unga mweupe wa rangi, ambao hutiwa hata katika rangi za motokaa. Mama wa rangi ndiye aikwaruzaye.

Sasa tuulizane. Kijana tulimpa nini? Ndoo moja, tambara moja, sabuni ya unga ya kufulia, na maji ya kisima yenye chumvi. Tambara likishuka ndooni mchanga wabaki mle mle, nalo larudi nao mlangoni. Na asubuhi za harusi ni nani waliopangusa vumbi kavu kwa leso ili gari lipendeze? Ni sisi wanakamati.

Fundi mmoja tuliyemwendea alitaka ikwanguliwe yote ipakwe rangi upya. Fedha alizotaja zingemaliza akiba ya wajane. Tukakataa, tukaifanya wenyewe siku mbili chini ya mwembe.

Kwanza tuliimwagia maji mengi bila kuigusa, vumbi literemke lenyewe. Kisha tukatumia ndoo mbili: moja ya sabuni laini ya magari, na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara, tukianza juu na kumalizia chini penye matope. Tukaikausha kivulini, kwa maana maji ya kisima yakikaukia juani huacha madoa ya chumvi.

Kisha polishi yenye unga wa kusaga. Hapa sikilizeni sana. Rangi ya gari letu ni ya zamani, haina tabaka ile angavu ya juu ambayo magari ya siku hizi yanayo. Ukisugua, kitambaa hugeuka buluu. Mwenzetu mmoja alitupa kitambaa akapiga kelele kwamba tumeimaliza! Hapana, ile ni ngozi iliyokufa kwa jua. Lakini ni kweli kwamba kila ukisugua rangi yapungua, na haikui tena. Kwa hiyo jaribu kwanza polishi hafifu mahali padogo, kama ukubwa wa sahani, utazame juani. Isipotosha ndipo uchukue kali zaidi. Mikwaruzo inayonasa ukucha iacheni, maana mkiifuata mtafika kwenye bati. Msiipige msasa mkavu pia, kwani rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Mwisho tulipaka nta. Hapa pwani, kwa jua hili na hewa ya chumvi, nta haidumu sana. Maji yakiacha kusimama matone matone juu ya boneti, jueni imekwisha.

Twasema na kosa letu. Kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo rangi huwa nyembamba, tulisugua kupita kiasi mpaka ikatokea rangi ya chini, doa kama shilingi kumi. Ukingo ule ulipasa ufunikwe kwa tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Kijana hakuwapo siku ile, wala asiandikiwe doa hilo.

Tunayoomba kamati ipigie kura leo ni haya: ndoo ya pili, vitambaa vinne laini visivyofanyiwa kazi nyingine, mkopo wa mpira wa maji kutoka kwa jirani yetu mwenye bomba, na barua ile ya kumwachisha kijana ichanwe. Motokaa iko nje, na jua bado lipo. Tokeni mkaitazame kabla hamjainua mikono.