Ndege Anayejua Wito wa Wenyeji

Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Mhadzabe anayetaka kurina asali hupiga mluzi. Ndege mdogo wa kahawia huitikia kwa kelele na kumtangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mtu ana moto na shoka. Ndege hungoja nta.

Huko Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao hawana mluzi huo. Wao hutoa "brrr" ndefu, kisha "hm" fupi, wito waliorithi kwa baba zao.

Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walicheza rekodi za miito hiyo pande zote mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2023. Ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko wito wa Kiyao. Niassa, kinyume chake.

Utamu uko hapa: ndege huyu hutaga katika viota vya ndege wengine, hivyo hana mzazi wa kumfunza. Hamu ya kuongoza huzaliwa nayo. Wito wa wenyeji, yaelekea, hujifunza akiwa porini.

Na pale ambapo watu wameacha kurina na kugeukia sukari ya dukani, uongozi huo nao umefifia.