Maji ya Lambo
Somo: Mwanzo 26:17–22

Leo tuketi kidogo kando ya lambo.

Mvua ikinyesha vema Garissa na Wajir, lambo hujaa. Alfajiri ni kimya. Yangeyange husimama ukingoni, ngiri hupiga magoti, na twiga hutanua kwanza miguu ya mbele, maana shingo yake, pamoja na urefu wake wote, haifiki chini. Kisha huja ngamia na mbuzi, na watoto hujitupa majini ingawa wamekatazwa.

Mwaka 2021 vuli haikunyesha ipasavyo. Mwezi wa Desemba, karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya Sabuli huko Wajir, twiga sita waliodhoofika walifuata maji machache yaliyosalia, wakakwama matopeni, wakafa. Mizoga yao iliondolewa isije ikayachafua maji hayo.

Wachungaji wa Gerari walimwambia Isaka, maji ni yetu. Akawaachia, akachimba kisima kingine, nacho wakakigombania. Akachimba cha tatu. Twamwita Isaka mpole, lakini aliyewahi kuchimba kisima kwa mkono wakati wa kiangazi hatasema kwamba alichagua njia rahisi.

Kwetu Garissa, njia za mifugo na wanyama kuufikia Mto Tana huitwa malka. Baadhi zimezibwa na mashamba. Ndugu zetu mlio na shamba kando ya mto, malka iliyopita hapo tangu zamani, je, ingali wazi?